Tulikotoka na Umeme, na Umri wa Vifaa Tunavyovichangia



Harambee ya mwaka huu ina lengo moja: umeme wa akiba kwa ajili ya wodi ya wazazi na friji ya chanjo, ili gridi inapokatika usiku mama asijifungue kwa mwanga wa tochi ya simu. Kabla hatujaingiza mikono mifukoni, tumeona vema tuandike historia fupi ya vyombo vya umeme katika nchi yetu na huku kwetu, na tujibu swali ambalo wachangiaji wengi hutuuliza: vitu hivi hudumu miaka mingapi? Swali hilo ni la haki. Mtu aliyetoa fedha zake anataka kujua ni lini ataombwa tena kwa jambo lile lile.

Sisi tunaotunza hesabu tuna neno letu la kazi, nalo ni uchakavu. Kila mali ya kudumu ina umri wake, na kila mwaka unaopita hula sehemu ya thamani yake hata kama hakuna aliyeigusa. Ukisoma historia ya umeme utaona kuwa umri huo hauamuliwi na kiwanda peke yake. Joto, maji na mzigo navyo huchangia. Kikubwa zaidi ni kuwepo kwa mtu wa kukitunza chombo na fungu la kukitunzia.

Koroboi, chemli na karabai

Wengi wetu tulisomea koroboi. Fundi bati alitengeneza kopo, tukatia mafuta ya taa na utambi wa pamba, na kazi ikaenda. Aliyekuwa na uwezo alikuwa na chemli. Karabai ilitoka siku za harusi, ngoma, misiba na mikutano mikubwa.

Bati la koroboi liliweza kukaa miaka mingi, lakini utambi uliisha. Chemli ilirithiwa na watoto, lakini kioo chake kilipasuka kila ulipokishika kwa mikono yenye maji. Karabai ilikuwa na kile kitambaa cha ndani kinachowaka, ambacho kikishaungua mara ya kwanza huvunjika kwa kuguswa tu. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma popote. Kila mmoja alijua ni sehemu gani itakayokufa kwanza, na aliweka nyingine pembeni. Hakuna aliyesema chemli imekufa kwa sababu kioo kimepasuka. Tunaomba msomaji aukumbuke utaratibu huo tunapofika kwenye sola na betri.

Umeme unavyoingia nchini

Umeme wa kwanza nchini uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliunda idara ya serikali ya umeme, mwaka 1920. Mwaka 1931 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa kampuni mbili za binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na jirani zake, na TANESCO ambayo jina lake tunalo hadi leo. Serikali ya uhuru ilianza kununua hisa zake mwaka 1964.

Misheni ya Matombo ilikuwepo kabla ya hayo yote. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1897, miaka 11 kabla ya taa ya kwanza ya umeme kuwaka Dar es Salaam. Umeme ulipoanza kusambaa ulifuata reli, miji na mashamba ya katani. Milima yetu ilitoa maji: mito ya kwetu hushuka hadi Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Umeme haukurudi kupitia njia hiyo.

Mwaka 1975 kituo cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kilianza kuzalisha, na kufikia 1980 kilikuwa na uwezo wa megawati 204. Njia kubwa ya kilovoti 220 kutoka Kidatu ilipita Morogoro mjini kwenda Ubungo. Kwa hiyo mkoa wetu ulikuwa na mtambo mkubwa kuliko yote nchini kwa wakati ule, huku vijiji vya mlimani vikiendelea kununua mafuta ya taa. Ilibidi kusubiri Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ndipo nguzo zikaanza kupanda milima kwa wingi.

Mitambo iliyozeeka vizuri, na iliyozeeka vibaya

Kwa swali la umri, mitambo ya maji ndiyo wazee wenye mengi ya kusimulia. Kituo cha zamani cha Pangani Falls kilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Tanga na mashamba ya katani. Kilitumika kwa zaidi ya nusu karne, hadi kituo kipya cha megawati 68 kilipofunguliwa mwaka 1995. Kule Jinja, Uganda, kituo cha Owen Falls, ambacho leo kinaitwa Nalubaale, kilifunguliwa mwaka 1954 na bado kinazalisha. Mitambo yake ilifanyiwa ukarabati mkubwa na ikaongezewa uwezo badala ya kuachwa ife.

Wapo wazee wenye hadithi nyingine. Hale, karibu na Korogwe, ilifunguliwa mwaka 1964 ikiwa na megawati 21. Katika karne hii imefanya kazi kwa miaka mingi chini ya uwezo wake kwa sababu ya kuharibika kwa mashine, hadi msaada wa Sweden ulipotafutwa kwa ajili ya ukarabati. Kikuletwa, kule Kilimanjaro, ni mtambo mdogo wa megawati zipatazo 1.16 uliojengwa enzi za ukoloni. Ulizimwa miaka ya 1980, na baadaye ukakabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha. Maji ya Kikuletwa hayakukauka, wala chuma chake hakikuwa kibaya kuliko cha wengine.

Tukiweka mitambo hii kwenye mizani moja, tofauti inajitokeza. Tabaini na jenereta kubwa la maji hujengwa kukaa miaka 40 au 50 na zaidi, lakini umri huo una masharti. Beringi hubadilishwa, nyaya za ndani husukwa upya, milango ya maji hupakwa rangi, na kila baada ya miaka kadhaa fedha nyingi hutumika kwa mkupuo. Mahali fungu hilo lilipokuwepo, mtambo ulivuka kizazi. Mahali lilipokosekana, mtambo ulisimama ukiwa na nguvu bado.

Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, wametuonyesha njia moja ya kulipata fungu hilo. Walianza na mtambo mdogo kwa mahitaji ya nyumba yao. Katikati ya miaka ya 2010 wakakamilisha mtambo wa Tulila wa megawati 5 kwenye mto Ruvuma, na umeme wake huuzwa kwa TANESCO. Mtambo wenye mapato hujilisha wenyewe. Umeme wa akiba wa wodi ya wazazi hauuzi chochote, kwa hiyo lazima sisi ndio tuulishe.

Miaka ya mgawo na majenereta

Umeme wa akiba uliingia katika maisha ya Watanzania wengi kupitia mgawo. Nchi iliyotegemea maji ya mabwawa ilikumbwa na ukame. Tulikuwa na mgawo mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukawa nao tena mwaka 2006 na mwaka 2011. Kila ulipokuja, maduka ya Kariakoo yalijaa majenereta madogo ya petroli, na mitaa ikajaa moshi na makelele. Baadhi ya majenereta hayo yalipanda gari hadi Matombo, kwa ajili ya baa, vibanda vya video, kumbi, na nyumba za walioweza.

Mengi hayakudumu, na sababu yake inahesabika. Umri wa jenereta hupimwa kwa saa, kama gari linavyopimwa kwa kilomita. Jenereta dogo la petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kwa kawaida huweza kufanya kazi kati ya saa 1,000 na 2,000 kabla ya kudai matengenezo makubwa. Ukiliwasha saa 4 kila usiku, saa 1,000 zinaisha kwa siku 250. Hiyo haifiki hata mwaka mmoja. Jenereta la dizeli linalozunguka mara 1,500 kwa dakika hufika saa 15,000 na zaidi likitunzwa. Kwa matumizi yale yale ya saa 4, hiyo ni zaidi ya miaka 10.

Jenereta la akiba lina ugonjwa wake mwingine, ugonjwa wa kukaa. Petroli iliyolala ndani miezi mingi huganda na kuziba kabureta. Betri ya kuwashia hujimaliza yenyewe. Panya hutafuna nyaya. Siku umeme ukikatika, daktari anamtuma mlinzi akaliwashe, nalo halistuki. La dizeli nalo halipendi kubeba mzigo mdogo mno: jenereta kubwa linalowasha taa tatu tu hujaa masizi na kuharibika mapema. Ndiyo maana mafundi husisitiza mambo matatu: liwashwe kila mwezi likiwa na mzigo wa kutosha, oili ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake, na saa hizo ziandikwe kwenye daftari. Jenereta lisilo na daftari ni sawa na mtoto asiye na kadi ya kliniki.

Betri, moyo na udhaifu wa sola

Kabla ya sola, betri ya gari ilikuwa tayari imeshafika kijijini. Tunakumbuka betri zilizobebwa kwenye mabasi kwenda kuchajiwa Morogoro mjini, ili watu waone mpira au wasikilize redio. Zilirudi nusu zimemwagika tindikali baada ya mabonde na kona za Mkuyuni. Kisha paneli za sola zikaanza kung'aa juu ya mabati, moja moja, na baadaye kwa mamia.

Betri ya risasi na tindikali ni chombo cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika sana. Iliyotengenezwa kwa ajili ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, kisha ijazwe mara moja. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha hadi iishe, hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola huvumilia zaidi. Kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, kwa sharti kwamba haimalizwi zaidi ya nusu kila usiku na, kama ni ya kuongezwa maji, inapewa maji safi ya betri wala si maji ya bomba.

Joto nalo ni adui wa kimyakimya. Umri unaoandikwa kwenye karatasi ya betri hupimwa kwa joto la nyuzi 25. Kila joto linapopanda takriban nyuzi 10 juu ya hapo, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu. Chumba cha bati kisicho na dirisha huku kwetu, mwezi wa Januari, kinaweza kuifanya betri ya miaka 4 iwe ya miaka 2 bila mtu yeyote kufanya kosa.

Betri za lithiamu zinazouzwa sasa kwa ajili ya sola huchajiwa na kutumika mara 3,000 hadi 5,000, na miaka 10 si ajabu kwao. Bei yake ya kuanzia ni kubwa. Paneli zenyewe ndizo zenye maisha marefu kuliko vyote: hupoteza chini ya asilimia 1 ya nguvu kwa mwaka, na viwanda huzidhamini kwa miaka 25. Inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida, hudumu kati ya miaka 5 na 10, pungufu ya hapo ikiachiwa vumbi, mijusi na radi.

Kwa hiyo mtu akisema "sola imekufa", mara nyingi paneli juu ya bati ni nzima kabisa. Kilichokufa ni betri iliyo chini, au fyuzi ya bei ndogo. Bibi zetu wangeita hiyo ni kioo cha chemli.

Friji ya chanjo ilivyotufundisha

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika zahanati zisizo na umeme kazi hiyo ilifanywa na friji za mafuta ya taa. Zilifanya kazi kubwa, lakini zilidai mhudumu wa kukata utambi, kusafisha masizi na kuangalia kipimajoto asubuhi na jioni. Mafuta yakichelewa, chanjo ilikuwa hatarini.

Zikaja friji za sola zenye betri. Jua lilikuwa bure, na kila mtu alifurahi. Baada ya miaka michache betri zikachoka, na katika nchi nyingi za Afrika hapakuwa na bajeti ya kununua nyingine. Wahandisi walipochunguza waliona kuwa betri ndiyo ilikuwa chanzo kikubwa cha kufa kwa friji hizo. Takriban mwaka 2010 ndipo zilipoanza kuenea friji zinazotumia jua moja kwa moja bila betri kubwa. Mchana hugandisha barafu au kitu mfano wa barafu ndani yake, na usiku barafu hiyo ndiyo hutunza ubaridi. Walitambua sehemu inayokufa kwanza, wakaiondoa.

Kwa wodi ya wazazi hatuwezi kuiondoa betri, kwa kuwa taa na mashine ya kunyonya uchafu kwenye njia ya hewa ya mtoto zinahitaji umeme usiku. Kwa friji ya chanjo tunaweza, na ndiyo aina tunayopendekeza.

Nguzo, waya na transfoma

Kuna watakaouliza: umeme wa REA ukiwepo, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115 likizalisha, akiba ya nini? Mtambo wa kwanza wa bwawa hilo uliwashwa mwanzoni mwa 2024, nasi tunajivunia. Lakini umeme wa bwawa haufiki wodini kwa kuruka. Unapita kwenye nyaya, nguzo na transfoma, na kila kimoja kina umri wake. Mwaka huo huo wa 2024 gridi ya taifa iliwahi kuzimika, bwawa likiwepo.

Nguzo ya mti iliyotiwa dawa vizuri, kama zile zitokazo Mufindi, huweza kusimama miaka 20 hadi 40. Huanza kuoza usawa wa ardhi, mahali unyevu na hewa hukutana, na mchwa humalizia. Kwetu upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea mvua nyingi kuliko ule wa magharibi, sehemu hiyo haikauki. Ndiyo sababu sehemu za majimaji zinafaa nguzo za zege. Kwenye miteremko, udongo ukiporomoka nguzo nayo huondoka, iwe ya mti au ya zege. Tukipanda migomba na mifenesi chini ya waya, tunaufupisha umri wa laini kwa mikono yetu.

Transfoma ni chombo kisichosogea wala kuzunguka, na hujengwa kudumu miaka 25 hadi 40. Ndani yake nyaya zimefungwa kwa karatasi maalumu na kuzamishwa kwenye mafuta. Karatasi hiyo ndiyo maisha yake. Kila joto la ndani likizidi kiwango kwa nyuzi 6 hadi 8, kasi ya kuzeeka kwa karatasi huwa mara mbili. Transfoma iliyowekwa kwa nyumba chache, kisha ikafungiwa mashine za kusaga, za kuranda mbao na za kuchomelea bila kuongezwa uwezo, huchemka kila siku na kufa kabla ya wakati. Radi huua nyingine kwa siku moja ikiwa waya wa kuingiza umeme ardhini umekatwa kuuzwa chuma chakavu. Wapo pia wanaoiba mafuta ya transfoma. Mafuta hayo yana kemikali na hayafai kukaangia chochote, na transfoma iliyokaushwa huungua. Mwizi wa lita chache anazima kijiji kizima.

Kinyume chake ni taa moja ya umeme kule Livermore, California. Inawaka katika kituo cha zimamoto tangu mwaka 1901, kwa mwanga hafifu, na karibu haizimwi kabisa. Mzigo mdogo na kutosumbuliwa kumeipa umri ambao hakuna kiwanda kingethubutu kuuahidi.

Matombo 1955

Kuna historia nyingine ya kwetu inayohusu kudumu kwa vitu, nayo haina waya. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Wataalamu walikuwa na hofu ya kweli kuhusu mmomonyoko. Lakini matuta hayo yalidai nguvu kazi nyingi, sehemu nyingine yalileta juu udongo usio na rutuba, na wenye ardhi hawakushirikishwa. Julai 1955, hapa Matombo, mkutano uligeuka vurugu, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja alipoteza maisha. Mpango ukasimama. Matuta mengi yaliachwa, mvua ikayafuta.

Wazee wale wale walikuwa wakitunza mashamba ya ukoo kwa vizazi. Kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, na aliyepo huitunza kwa niaba ya wapwa wanaokuja. Hawakukosa bidii wala uwezo wa kutunza. Walichokikataa ni kazi isiyo na mwenyewe miongoni mwao. Chombo chochote kitakacholetwa Matombo kikiwa mali ya "wale wa mjini" au "mfadhili" kitafuata njia ya matuta. Kikiwa cha kwetu, kitatunzwa kama shamba.

Hesabu yenyewe

Sasa tuweke namba. Bei zifuatazo ni za mfano wa kuonyesha hesabu tu, kwa kuwa bei za duka hubadilika. Tuseme mfumo wa sola wa wodi ndogo una paneli za shilingi 4,000,000 za kudumu miaka 20, inveta ya 1,800,000 ya miaka 6, betri za risasi za 2,400,000 za miaka 4, na nyaya, fyuzi na kinga ya radi vya 1,000,000 vya miaka 10. Jumla ya ununuzi ni shilingi 9,200,000. Hiyo ndiyo namba ambayo kwa kawaida husomwa siku ya harambee, watu wakapiga makofi.

Gawa kila bei kwa miaka yake. Paneli zinachakaa kwa 200,000 kwa mwaka, inveta 300,000, betri 600,000, nyaya na kinga 100,000. Jumla ni 1,200,000 kwa mwaka, yaani shilingi 100,000 kila mwezi. Betri ni kama robo tu ya bei ya kununulia, lakini ni nusu ya gharama ya kila mwaka. Asiyeiona namba hiyo ya pili atakuwa na mfumo wa miaka 4 alioulipia kama wa miaka 20.

Tukichagua betri za lithiamu za mfano wa 6,000,000 za miaka 10, uchakavu wake ni 600,000 kwa mwaka, sawa kabisa na za risasi. Tofauti ni kwamba ununuzi wa kwanza unapanda hadi 12,800,000, lakini ndani ya miaka hiyo 10 hatutaitisha harambee nyingine mbili za betri, wala hatutategemea mtu akumbuke kuongeza maji.

Shilingi 100,000 kwa mwezi ni wanachama 50 wakitoa 2,000 kila mmoja. Wengi wetu hutumia zaidi ya hapo kwa vocha.

Tunachoomba

Tunafahamu kuwa kuchangia matunzo hakuna picha ya kupiga. Paneli mpya hupigwa picha na mgeni rasmi akikata utepe. Betri iliyobadilishwa kwa wakati haionekani, kwa sababu taa haikuzimika. Baadhi ya wenzetu wamesema wangependa fedha zote zinunue vifaa vingi iwezekanavyo, vifike vijiji vingi zaidi. Nia yao ni njema, na hoja hiyo itasikilizwa mkutanoni. Sisi tunapendekeza vifaa vichache vyenye fungu la matunzo, kwa sababu historia tuliyoieleza inaelekea upande huo.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kiasi cha kwanza cha uchakavu, shilingi za mwaka mzima, kitengwe siku ile ile ya ununuzi katika akaunti yake, isiyoguswa kwa kazi nyingine. Pili, kila mwanachama aahidi mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya fungu hilo. Tatu, vijana wawili wa kwetu, wa kike na wa kiume, wasomeshwe ufundi wa umeme VETA Kihonda, ili fundi asitoke mbali kila fyuzi inapokatika. Nne, kila kifaa kiwe na daftari lake lenye tarehe ya kufungwa, tarehe kinayotarajiwa kuchoka, na jina la mwenye zamu ya kukikagua. Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa mwaka kama inavyosomwa taarifa ya fedha.

Wodi ya wazazi itaendelea kupokea watoto usiku, mvua ikinyesha na isiponyesha. Watoto hao ndio wapwa zetu. Tuwanunulie taa, na siku hiyo hiyo tuanze kuweka fedha ya betri itakayofuata.

Karibuni sana tuchangie. Ahadi zitapokelewa siku ya mkutano, na fomu ya mchango wa kila mwezi itagawiwa pamoja na kijarida hiki.